Kisa cha Bairstow pale Lord's: mashabiki walipogombana juu ya uamuzi uliokuwa sahihi

Mabishano mengi ya mashabiki kuhusu waamuzi huanzia kwenye kosa: mwamuzi hakuona, mwamuzi alipeperusha kibendera kimakosa, mwamuzi ana timu yake. Kisa hiki, cha mpigaji wa kriketi wa Uingereza Jonny Bairstow kutolewa katika mechi dhidi ya Australia mwaka 2023, si kimojawapo. Waamuzi hawakukosea, kanuni ilifuatwa, na bado uwanja mzima ulizomea, mawaziri wakuu wawili wakaingia kati, na watu wazima waliovaa koti na tai wakawatolea maneno wachezaji ndani ya jengo linaloheshimiwa kuliko yote katika kriketi. Ndiyo maana nakiona kinafaa kwa yeyote anayesimamia timu, waamuzi au kikundi cha mashabiki.

Wachezaji, waamuzi na viongozi waliotajwa humu ni watu wa hadhara, na walichofanya kilionekana kwenye televisheni. Mashabiki waliohusika moja kwa moja nimewaondolea majina na chochote kinachoweza kuwatambulisha.

Usuli

Ashes ni mfululizo wa mechi za Test, yaani mechi ndefu za kimataifa, kati ya Uingereza na Australia, uhasama wa kimichezo ulioanza mwaka 1882. Mwaka 2023 zilipangwa mechi tano nchini Uingereza, kila moja ya siku tano. Australia ilishinda ya kwanza, Edgbaston, kwa tofauti ya wiketi 2 (kila mpigaji akitolewa huhesabiwa wiketi moja). Ya pili ilianza tarehe 28 Juni katika uwanja wa Lord's, London.

Lord's ni mali ya klabu ya MCC (Marylebone Cricket Club), iliyoanzishwa mwaka 1787. Klabu hiyo ndiyo mtunzaji wa kanuni za kriketi duniani kote. Kanuni hizo hizo zilitumika Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, na ndizo zinazotumika katika mechi za klabu kuanzia Nairobi hadi Mumbai. Pale Lord's wachezaji wakitoka vyumbani kwenda uwanjani hupita katikati ya wanachama, ndani ya ukumbi unaoitwa Long Room. Umbali kati ya shabiki na mchezaji ni wa kupeana mkono. Kwa miaka mingi desturi hiyo ilihesabiwa kuwa fahari ya mahali pale.

Kwa asiyeujua mchezo: mpigaji ana eneo lake mbele ya vijiti vitatu, nalo limechorewa mstari. Akiwa nje ya mstari huo wakati mpira bado ni hai, yaani uko mchezoni, mlinda wiketi anayesimama nyuma ya vijiti anaweza kuviangusha kwa mpira na mpigaji akatolewa. Kwa hiyo kila kitu hutegemea jibu la swali moja: mpira unakufa lini?

Kanuni ya 20 inasema mpira umekufa ukiwa umetulia kabisa mikononi mwa mlinda wiketi au mrushaji. Umekufa pia pale mwamuzi wa upande wa mrushaji anapoona wazi kwamba wachezaji wa ulinzi na wapigaji wote wawili wameacha kuuhesabu kuwa uko mchezoni. Angalia hilo neno *na*. Mpigaji hawezi kuuua mpira peke yake kwa kujisikia kwamba mambo yamekwisha. Na kama umetulia au haujatulia, mwenye kuamua ni mwamuzi, si mwingine.

Jioni ya siku ya nne

Hasira ya Jumapili haikuanza Jumapili. Jumamosi jioni Ben Duckett wa Uingereza aliupiga mpira juu, Mitchell Starc wa Australia akaukimbilia mpakani na kuudaka. Duckett akaanza kuondoka. Mwamuzi wa tatu, Marais Erasmus wa Afrika Kusini, akaitazama picha na kuona kwamba Starc alipokuwa akiteleza chini aliuburuza mpira kwenye nyasi kabla hajajimudu. Kanuni ya 33 inataka mdakaji awe ameumudu mpira pamoja na mwendo wa mwili wake mwenyewe. Duckett akarudishwa, na Uingereza ikamaliza siku ikiwa na mikimbio (alama) 114 kwa wiketi 4.

Safari hiyo waliopandwa na hasira ni Waaustralia. Mchezaji wao mmoja mstaafu, aliyekuwa akitangaza redioni, aliulaani uamuzi ule vikali. MCC ikatoa maelezo ya kanuni hadharani. Kwa hiyo usiku ule kila upande ulilala na daftari lake la madeni: Waaustralia wakihesabu wameonewa, Waingereza wakisema kanuni ni kanuni. Saa chache baadaye walibadilishana hoja.

Jumapili, 2 Julai

Uingereza ilikuwa ikifukuzia mikimbio 371. Walipofika 193 kwa wiketi 5, nahodha wao Ben Stokes alikuwa amesimama imara upande mmoja, na Jonny Bairstow upande wa pili akiwa na mikimbio 10. Cameron Green wa Australia akarusha mpira mfupi, mpira wa mwisho wa ova (fungu la mipira sita). Bairstow akainama, ukapita juu ya kichwa chake na kutua kwenye glavu za Alex Carey, mlinda wiketi wa Australia.

Hapa ndipo pa kutazama polepole. Carey hakuushika mpira akangoja. Alivyoupokea ndivyo alivyourusha kwa mkono wa chini kuelekea vijitini, tendo moja. Bairstow, bila kugeuka, alikwangua ardhi kwa mguu wake nyuma ya mstari, kama mtu anayesema nipo, kisha akaanza kutembea kumwendea Stokes wapige gumzo la kati ya ova. Mpira ukagonga vijiti naye yuko nje. Waaustralia wakapaza dai, yaani kumwomba mwamuzi amtoe mpigaji. Bairstow akasimama anashangaa.

Waamuzi wa uwanjani, Ahsan Raza wa Pakistan na Chris Gaffaney wa New Zealand, wakapeleka suala kwa mwamuzi wa tatu. Erasmus akatazama. Ametoka.

Zomeazomea ilianza hapo na haikukoma mpaka jioni. Wimbo wa kuwaita Waaustralia walaghai ukaenea kutoka jukwaa hadi jukwaa, na hii ni Lord's, ambako kwa kawaida hata makofi hupigwa kwa adabu. Stuart Broad akaingia kushika nafasi ya Bairstow, na kila mpira ulipopita aliliburuza gongo lake ndani ya mstari kwa madoido, akiwauliza Waaustralia kwa sauti kama sasa inaruhusiwa kutoka. Alimwambia Carey kwamba atakumbukwa kwa jambo hilo tu. Stokes naye akageuka moto: alimpiga Green mipira mitatu mfululizo ya mikimbio sita kufikia mia moja yake.

Ikafika saa ya chakula cha mchana. Waaustralia wakapanda ngazi na kuingia Long Room. Baadhi ya wanachama waliwazomea na kuwatolea maneno. Usman Khawaja alisimama kuwajibu, David Warner pia, na wahudumu wa usalama wakaingia kati. Shirikisho la kriketi la Australia likasema baadaye kwamba wachezaji wake walitukanwa na wengine kuguswa, likaitaka MCC ichunguze.

Stokes alitoka akiwa na mikimbio 155. Uingereza ikaishia 327, na Australia ikashinda kwa 43.

Maamuzi, na sababu za kila mmoja

*Carey.* Nahodha wake, Pat Cummins, alieleza baada ya mechi kwamba Carey alishamwona Bairstow akifanya vile mipira michache kabla. Kwa mlinda wiketi hiyo ni kazi yake: kusoma mazoea ya mpigaji na kuyatumia. Tena Bairstow mwenyewe, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mlinda wiketi wa Uingereza, alikuwa amejaribu kitu kama hicho kwa Marnus Labuschagne wa Australia katika mechi hiyo hiyo. Alikosa shabaha tu.

*Waamuzi.* Picha ya marudio ilijibu swali rahisi: alikuwa nje ya mstari au la? Swali gumu, kama mpira ulikuwa umekufa, lilijibiwa na mwendo wenyewe wa Carey. Mpira ulioingia kwenye glavu na kutoka papo hapo haujatulia. Wapo walioshikilia kwamba ova ilikuwa imekwisha. Lakini kanuni haisemi mpira hufa kwa sababu ova imekwisha. Inasema mwamuzi hutamka mwisho wa ova mpira ukishakufa. Mpangilio ni huo, na ukiugeuza unapata hoja inayosikika vizuri lakini haisimami.

*Cummins.* Nahodha wa timu ya ulinzi anaweza kuliondoa dai, mwamuzi akikubali, ilimradi mpira unaofuata haujaanza kuchezwa. Hakuliondoa. Kwake lilikuwa pigo halali lililopatikana kwa uzembe wa mpigaji. Stokes alipoulizwa jioni alikiri kwamba kwa kanuni Bairstow alitoka, akaongeza kuwa yeye asingetaka kushinda kwa namna ile. Ukisikiliza vizuri, hawa wawili hawakupingana kuhusu uamuzi hata chembe.

*MCC.* Siku hiyo hiyo klabu iliwaomba radhi Waaustralia na kuwasimamisha wanachama watatu. Kesi zao zilimalizwa Oktoba: mmoja alifukuzwa uanachama, wawili wakasimamishwa kwa miaka kadhaa. Kwa klabu ambayo mtu hungoja zaidi ya miaka 20 kwenye foleni ili aingie, hiyo ni adhabu nzito.

Yaliyofuata

Rishi Sunak, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alisema anakubaliana na Stokes. Anthony Albanese wa Australia akaugeuza ule wimbo wa dhihaka: Waaustralia ni wale wale, wanashinda tu. Mashabiki walipata ruhusa ya ngazi ya juu kabisa kuendelea.

Mabishano yakawa mashindano ya kufukua makaburi. Waingereza wakaleta mwaka 2018, Cape Town, pale Waaustralia walipokamatwa wakikwangua mpira kwa kipande cha msasa na Warner akafungiwa miezi 12. Waaustralia wakamleta Broad huyo huyo, ambaye mwaka 2013 huko Trent Bridge aliugusa mpira ukaishia kudakwa, akabaki amesimama kwa kuwa mwamuzi hakuona na Australia haikuwa na nafasi tena ya kuomba uamuzi urejewe kwa picha. Halafu akaja kocha wa Uingereza, Brendon McCullum. Mwaka 2006, Christchurch, akiichezea New Zealand, alimtoa Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka aliyekuwa ameondoka eneo lake kwenda kumpongeza Kumar Sangakkara kwa kufikisha mia. McCullum aliomba radhi hadharani mwaka 2016. Mashabiki wa Australia hawakuihesabu radhi hiyo.

Carey alizomewa mfululizo katika mechi ya tatu, Leeds. Hapo ndipo ukaja uzushi ambao mimi nauona ndio kipimo halisi cha kisa hiki. Redioni ilitangazwa kwamba Carey amenyolewa na kinyozi wa mjini humo akaondoka bila kulipa. Habari ikapaa. Steve Smith, mchezaji mwenzake, akajibu kwamba Carey hajanyoa nywele tangu walipokuwa London, na mtangazaji, mchezaji mstaafu wa Uingereza, akaomba radhi. Mtu aliyetumia kanuni ya 20 kama ilivyoandikwa alikuwa, ndani ya wiki moja, amegeuzwa mtu anayeweza kumwibia kinyozi, na wengi waliamini bila kuuliza.

Mfululizo uliisha sare, 2–2. Wiketi ya mwisho kabisa, pale The Oval, alikuwa Carey, mpira wa Broad, akadakwa na Bairstow. Hata mashabiki wa Australia niliowasikia walicheka.

Uchambuzi: maswali matatu kwenye chungu kimoja

Ukiyapanga mabishano yote unayakuta ni maswali matatu tofauti. La kwanza: je, alitoka kwa mujibu wa kanuni? La pili: je, ilistahili kudai? La tatu: dai likishakubaliwa, nahodha angepaswa kuliondoa? La kwanza ni la mwamuzi. La pili ni la timu ya ulinzi. La tatu ni la nahodha peke yake. Mashabiki walilijibu la pili au la tatu, kisha wakapeleka lawama kwenye la kwanza. Anayeimba kwamba timu ni walaghai anadai kanuni imevunjwa. Ukimbana, anakwambia kanuni ipo lakini si uungwana. Hizo ni hoja mbili, na mtu akiruhusiwa kurukaruka kati yake hashindwi kamwe. Mpinzani wake naye, akishika kanuni tu, anajiona ameshamaliza kazi wakati hajajibu lolote kuhusu uungwana.

Kriketi yenyewe imeyazaa haya. Tangu mwaka 2000 kitabu cha kanuni kina utangulizi kuhusu moyo wa mchezo, unaowataka wachezaji wacheze kwa kanuni na kwa roho yake. Ni jambo jema, ila roho haina mwamuzi. Hakuna picha ya marudio inayoionyesha. Timu mbili zikilelewa katika mila tofauti za ushindani, kila moja itaisoma kwa macho yake na kuapa kwamba nyingine imekengeuka.

Kwenye swali la pili, mimi natumia kipimo kimoja: kulikuwa na hila? Kama Carey angeushika mpira, akajifanya anamrudishia mwenzake, akangoja Bairstow atoke ndipo arushe, ningesimama na wazomeaji. Hakufanya hivyo. Bairstow hakudanganywa na mtu. Alijidanganya.

Linganisha na Trent Bridge mwaka 2011, Uingereza na India. Ian Bell, akiwa na mikimbio 137, alidhani mpira umevuka mpaka na muda wa chai umefika, akaanza kuondoka. Wahindi wakaangusha vijiti, wakadai, akatolewa. Kwa kanuni, sahihi. Uwanja ukazomea vile vile. Lakini wakati wa chai nahodha na kocha wa Uingereza walikwenda chumba cha wageni, wakaomba, na MS Dhoni, nahodha wa India, akaliondoa dai. Bell aliporudi uwanjani, zomeazomea ikageuka makofi. Wengi hutumia kisa hicho kumpiga Cummins: mbona Dhoni aliweza?

Wanaosahau ni mazingira. Dhoni alipata mapumziko ya chai. Aliombwa faraghani, na nahodha mwenzake, kwa heshima, bila umati kuning'inia shingoni. Cummins alikuwa na dakika chache katikati ya uwanja huku maelfu wakimwita mlaghai, na sioni nahodha atakayeliondoa dai akiwa anatukanwa, kwa sababu kuliondoa wakati huo ni kukiri tusi. Waliokuwa wakipiga kelele kudai uungwana ndio walioufunga mlango wa uungwana. Hata chakula cha mchana kilipofika, nafasi ya kisheria ilikuwa imeshapita. Mipira mingi ilikuwa imechezwa.

Upande wa MCC, kilichofanya kazi ni kutenganisha mambo. Haikungoja ubishi wa kanuni uishe ndipo ishughulike na Long Room. Haikusema wanachama walikosea kwa kuwa uamuzi ulikuwa sahihi; uamuzi ungekuwa mbovu kupindukia, kumtukana au kumgusa mchezaji kungebaki kosa lile lile. Viongozi wa klabu za kwetu hukwama hapa mara nyingi: shabiki akimvamia mwamuzi, kikao huanza kwa kujadili kama penalti ilikuwa halali.

Kilichofeli ni desturi iliyotegemea kuaminiana bila kinga. Kumpitisha mchezaji katikati ya watu waliokasirika, kwenye jengo lenye baa, kulikuwa salama kwa miaka mingi kwa sababu hapakuwa na siku kama ile. Dalili zilikuwepo tangu Jumamosi jioni, na kuanzia wiketi ya Bairstow hadi chakula kulikuwa na muda wa kutosha kuwatoa watu kwenye ngazi.

Na waamuzi? Kazi yao ilikuwa safi, lakini hakuna aliyewaeleza watu uwanjani kwa nini mpira ulihesabiwa kuwa hai. Picha iliwaonyesha mguu na mstari, jambo ambalo hakuna aliyelibishia. Sentensi moja kutoka kwenye kipaza sauti, kwamba mlinda wiketi alirusha papo hapo na kwa hiyo mpira haukuwa umetulia, isingewageuza Waingereza kuwa marafiki wa Carey. Ingewaambia tu wagombane kuhusu nini. Mwenye shida na kanuni ya 20, inayoacha neno *kutulia* kwenye jicho la mtu mmoja, ana hoja ya kweli ya kupeleka kwa wanaoitunza, na wale watatu wa Long Room walikuwa wanachama wa klabu hiyo hiyo.